Mwaka Niliposugua Vibuyu

Tulipomzika Daktari Murage huko Kerugoya, kijitabu cha ibada kilikuwa na kurasa kumi na sita, na maisha yake yote ya chuoni yalipewa aya moja. Niliisoma nikiwa nimeketi hema la pili, safu ya tatu, bega kwa bega na Halima, aliyekuwa amevaa buibui jeusi na buti za mpira kwa sababu ya matope. Aya ile ilitaja shahada zake, kamati alizoongoza, safari zake za ng'ambo, na mwishoni ikasema kwamba alianzisha somo la maarifa ya wenyeji. Halima aliyahesabu maneno hayo kwa kidole, polepole, kama alivyokuwa akihesabu nafasi za taipu zamani. "Alianzisha somo la maarifa ya wenyeji," alininong'oneza. "Maneno sita. Mwaka mzima ule, Nyambura, na vibuyu vyako, maneno sita." Nikamwambia vibuyu havikuwa vyangu. "Havikuwa vyako," akakubali, akikunja kijitabu na kukitia mkobani, "lakini ni wewe uliyeviosha." Mchungaji akaanza kuomba, tukainamisha vichwa, na pale chini ya turubai nyeupe, ukungu ukiteremka kutoka mlimani na kuingia kati ya viti kama mgeni asiyetaka kusumbua, nikasikia tena harufu ya sabuni ya kipande na moshi uliolowa. Ni harufu ambayo sijaweza kumweleza mtu yeyote asiyekuwa nasi mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifika Nyeri na sanduku moja, cheti cha ufundi wa maabara, na tabia ya kuandika kila kitu, na chuo kikanipa funguo za maabara ya mimea iliyokuwa mwisho wa jengo la kilimo. Chumba nilipanga Majengo, kwa mamake Halima, katika nyumba ndefu ya mabati yenye ua katikati. Halima alikuwa karani wa idara yetu, na ndiye aliyenipeleka kwao baada ya kunisikia nikilalamika juu ya vyumba vya kule juu vyenye unyevu. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye: kitanda cha chuma, dirisha la mbao lililofungukia mpera, kalenda ya miaka miwili iliyopita ambayo hakuna aliyetaka kuiondoa kwa sababu ya picha ya maporomoko ya maji. Asubuhi niliamshwa na sauti ya adhana, kisha harufu ya tangawizi, kisha sauti ya mamake Halima akigombana na jiko. Ijumaa tulikula pilau kutoka sufuria moja kubwa, nyeusi tii kwa nje, na mimi, ambaye kwetu sufuria inasuguliwa kwa mchanga na waya mpaka ujione meno ndani yake, nilishindwa kula kwa amani kabla sijaishika ile sufuria. Siku ya tatu niliisugua. Ilinichukua saa mbili. Mamake Halima aliitazama iking'aa juani, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, umefanya kazi. Sasa pilau itashika chini." Na kweli ikashika. Nililichukulia kama jambo la bahati mbaya. Leo, nikilitazama kwa umri huu, naona nilikuwa nimeonywa.

Pale chuoni, chumba cha kuhifadhia vifaa vya maabara kilitenganishwa na chumba cha mikutano kwa mbao nyembamba tu, na kwa sababu kabati langu la chupa lilikuwa upande huo, nilisikia mengi. Nilisikia Daktari Murage alipopeleka wazo lake mara ya kwanza, mwezi wa Januari. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye koti moja la kahawia, na alipokuwa na jambo kubwa alizungumza chini zaidi, mpaka wengine wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Alieleza kuwa siku moja, katika soko la Karatina, alimkuta mama mzee mwenye mafungu matatu ya njahi kwenye gunia. Njahi ni maharagwe yetu meusi yenye mstari mweupe ubavuni, na msimu wa mvua ndefu kwa Kikuyu huitwa kwa jina lake. Alimuuliza mama yule kwa nini mafungu ni matatu ilhali njahi ni ile ile. Je, bei ni tofauti? Akajibiwa, "Bei ni moja. Tabia ndio si moja." Daktari Murage aliiambia kamati kwamba amesoma njahi kwa miaka kumi na hakuwahi kusikia habari ya tabia. Alitaka mama yule, Cucu Nyaguthii, yaani Nyanya Nyaguthii kwa Kikuyu, aje afundishe. Hakutaka aletwe kuhojiwa. Alitaka afundishe, jina lake liwe kwenye ratiba. Kisha nikamsikia mwenyekiti wa kamati akisema kwa upole kwamba wazo ni zuri, tena zuri sana, ila mwalimu bila cheti ni jambo gumu, na kwa hiyo mama aletwe kwanza mbele ya wanafunzi na kamati, mwezi wa Machi, waone kama kuna kitu hapo cha kufundishwa na kutahiniwa. Kama hakuna, jambo lifungwe.

Tulikwenda kwake mwezi wa Februari, mimi na Daktari Murage. Aliishi juu ya Karatina, karibu na pale mashamba ya chai yanapoishia kwenye msitu. Jiko lake lilikuwa nyumba ya mbao iliyosimama peke yake, na ukiingia ulisimama kwanza mpaka macho yako yakubali giza. Yeye hakuhitaji kusubiri. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu wa uzee, aliona kivuli cha mtu tu na mwanga wa mlango, na alitembea mle ndani kwa viganja, akigusa nguzo, akigusa ukuta, akigusa bega la mgeni ili ajue ameketi wapi. Alitupa uji wa wimbi uliochachuka na nduma za kuchemsha. Juu ya moto palining'inia itara, uchanja wa fito unaokaushiwa kuni na mbegu, na juu yake vililala vibuyu vitatu vyenye shingo nyembamba, vilivyotoka kwenye mmea mmoja, vikifanana kama mapacha, vimezibwa kwa magunzi na kukandikwa samadi na majivu. Alivieleza bila kuviangalia. Kilicholala juu kabisa ya miali kilikuwa na njahi ya jua, inayopandwa mwaka mvua inapokataa. Hushushwa mara chache, kwa hiyo hukaa pale moshi ni mwingi, wadudu wasiiguse. Cha katikati kilikuwa na njahi ya ukungu, ya miaka ya baridi ndefu. Pembeni, karibu na mkono, njahi ya mvua, inayopandwa miaka mingi. Ukimwaga zote mezani ni mbegu moja. Alizipokea kwa mamake mkwe, naye kwa mamake, na wakaza wanawe walinunua mbegu za pakiti dukani na kumwambia anasumbuka bure. Mimi niliandika. Bado nina daftari lile: urefu wa itara kutoka chini, idadi ya fito, aina ya kuni, upana wa mlango. Niliandika hata rangi ya paka. Masizi sikuyaandika. Nilidhani ni uchafu.

Siku moja kabla ya onyesho, Cucu Nyaguthii aliteremka na vibuyu vyake ndani ya kiondo, akavikabidhi mikononi mwangu mlangoni pa maabara. "Shika vizuri, mwari," alisema, akitumia neno la Kikuyu la binti. "Hata mimi sijawahi kuzitoa zote siku moja." Mvua zilikuwa zimechelewa. Mlima ulikuwa umeonekana wazi majuma matatu mfululizo, jambo ambalo wageni hulipenda na wenyeji hulihofia, na alisema akitoka hapo atarudi nyumbani kupanda ile ya jua. Akaenda kulala kwa ndugu yake mjini. Nikaviweka vibuyu mezani, juu ya meza nyeupe ya maabara, na pale kwenye mwanga wa dirisha vikaonekana vya kutisha: vyeusi, vinanata, vimeacha duara za masizi mezani. Ndipo nikasikia sauti upande wa pili wa mbao. Kamati ilikuwa inamaliza kikao. "Kesho basi," alisema mmoja, "tutaletewa masomo kutoka jikoni." Mwingine akasema, "Waje na mafiga pia, tukae tukizunguka moto." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu waliochoka wakiwa wamekaribia kwenda nyumbani. Lakini mimi nilishikwa na haya usoni, haya ya mtu aliyeona fulana ya mzazi wake ikichekwa. Kwetu, chombo cha mtu hakiwekwi mbele ya wageni kikiwa na masizi. Ni heshima. Nilijaza sinki maji ya moto, nikachukua sabuni ya kipande na waya wa sufuria.

Nakiri kwamba nilifurahia. Maji yaligeuka meusi kama chai ya rangi, na chini ya weusi ule ikatokea ngozi ya kibuyu, rangi ya asali, na mishipa myembamba kama ya jani. Vizibo sikuvigusa, wala tone la maji halikuingia. Nilivipanga juu ya taulo, dirishani, kwa mstari, umbali sawa. Kisha nikapiga chapa lebo tatu kwa jina la kisayansi la njahi, jina lile lile mara tatu, nikaziongezea A, B na C, nikazibandika. Halima alipopita kunichukua twende nyumbani, alisimama mlangoni. "Mashallah," alisema, "vimekuwa kama vya dukani." Baadaye, tukishuka mlima kuelekea Majengo, akauliza, "Mwenyewe alikuambia uvioshe?" Nikasema si lazima mtu aambiwe. Halima akaanza kuzungumzia bei ya vitunguu.

Asubuhi ile ukumbi ulijaa. Wanafunzi walitoka pande zote za nchi, ndiyo maana Cucu Nyaguthii hakutumia Kikuyu. Alizungumza Kiswahili cha soko la Karatina, na nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema. Alisimama nyuma ya meza, mdogo, na kitambaa cheupe kichwani. "Hamjambo watoto. Mimi niko na vitu tatu tu. Mkinisikia vizuri mtamaliza leo, mkinisikia vibaya mtakaa kama mimi, miaka sabini." Wanafunzi walicheka, wakampenda papo hapo. Mwenyekiti, mstari wa mbele, alitabasamu. Kisha Cucu akanyoosha mkono na kugusa kibuyu cha kwanza. Mkono ukasimama. Akakipitisha kiganja kutoka shingoni hadi kitako, akakinusa, akakiweka. Akagusa cha pili. Cha tatu alikigusa kwa ncha ya kidole tu, kama mtu anayegusa jiko kujua kama ni la moto.

"Hizi si zangu," alisema.

"Ni zako, Cucu," alisema Daktari Murage. "Ndizo ulizoleta jana."

"Nani ameziosha?"

Nilikuwa nimesimama kando ya mlango, na daftari mkononi. Daktari Murage hakunitazama, na kwa kutonitazama kwake nikajua kwamba ameshajua. Nilifungua mdomo. Mwenyekiti akatangulia, kwa nia njema kabisa, akainama mezani na kusoma: "Mama, usijali. Lebo hizi zinaonyesha ni mbegu moja tu. A, B, C, zote jina ni moja." Vicheko vikapita nyuma ya ukumbi. Cucu Nyaguthii aligeuza uso kuelekea ile sauti, akasubiri vicheko viishe, kisha akasema bila hasira yoyote, "Kama karatasi inasema ni kitu moja, basi karatasi ifundishe." Akakunja kiondo chake kitupu, akaligusa bega la Daktari Murage ili ajue njia iko wapi, akatoka. Vibuyu akaviacha pale mezani, visafi, vikimeremeta. Mimi nilikuwa bado na daftari mkononi, na nikitazama ukurasa wa siku hiyo leo, kuna sentensi moja: "Saa nne na dakika kumi, mgeni ameondoka."

Jioni mbao zile nyembamba ziliniambia yaliyobaki. Kamati ilikuwa radhi kufunga jambo siku hiyo hiyo. Daktari Murage aliomba mpaka mwisho wa muhula wa pili. "Utatahini nini, Murage?" mwenyekiti aliuliza. "Mama mwenyewe ameshindwa kujua mbegu zake." Sikusikia jibu, alilisema chini mno. Nilipofika nyumbani nilikaa mbele ya chapati na maharagwe bila kugusa, na mamake Halima akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. "Hana homa huyo," alisema Halima. "Amesugua kisichosuguliwa. Mama, ile sufuria yako umeificha wapi?" "Chini ya kitanda," alisema mamake, "na sitoi mpaka ahame." Wakacheka, nami nikalia, wakaacha kucheka. Halima akavuta kigoda karibu. "Sikiliza, Nyambura. Kama unangoja akusamehe ukiwa hapa mezani kwetu, utangoja. Jumamosi soko lipo. Nenda."

Hakuwa sokoni. Nilimkuta jikoni kwake, na itara juu ya moto ilikuwa tupu, fito zake zikionyesha mahali vibuyu vilipokuwa, mabaka matatu ya rangi isiyoiva katikati ya weusi. Nilivirudisha vibuyu ndani ya begi langu la nguo, nikaviweka miguuni pake, nikasema ni mimi. Alisema alijua, mikono yangu ilinuka sabuni tangu siku ya uji. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia nilitaka wasimcheke.

"Kwani walikuwa wakinicheka?"

"Wangekucheka."

"Na wewe, ulipoviona mezani, ulisikia nini?"

Nilitaka kusema uongo, lakini mahali penye giza na mtu asiyekuona usoni uongo hauna pa kuegemea. "Niliona haya," nikasema. "Kwa ajili yako." Alichochea moto kwa muda. Kisha alishika mkono wangu, akaupeleka juu, akaubandika kwenye ufito uliokuwa juu ya miali. Ulikuwa na ngozi nene, ya mafuta, yenye vipele. Akaupeleka pembeni: hapo masizi yalikuwa membamba, laini kama unga. "Hivyo ndivyo ninavyosoma," alisema. "Kile cha jua kilikuwa na koti nene kama hili, hakishushwi. Cha mvua nakishika kila mwaka, kwa hiyo kina koti jepesi, na alama za vidole vyangu. Wewe umenivulia watoto wote nguo siku moja, ukaniambia nitaje majina." Mvua zilikuwa bado hazijaja. Ile ya jua ilikuwa mojawapo ya vile vitatu, na angepanda isiyo yenyewe, ingekauka, na hapo ingekuwa imekwisha, maana hakukuwa na jiko lingine kijijini lenye nayo. Nilisubiri anifukuze. Alinipa kiazi kitamu cha kuchoma. Akasema, "Hakuna mkono wa kuzijua tena. Shamba ndilo litatuambia. Na ni wewe utakayelima."

Hivyo ndivyo somo lilivyoanza. Nyuma ya maabara palikuwa na kipande cha ardhi cha majaribio, na Daktari Murage alikipata kwa barua ambayo Halima aliipiga chapa mara tatu mpaka isiwe na kosa. Tulichimba matuta matatu, mimi na wanafunzi. Cucu alitoa nusu ya kila kibuyu, nusu akaizuia, na akakataza mambo mawili: kumwagilia maji na kubandika karatasi. Kwake nyumbani, upande wa njahi ulibaki mtupu msimu ule. Wakaza wanawe walipanda mahindi mpaka ukingoni mwake. Alikuja kila Jumatano, tukamtolea kiti cha maabara, akaketi kati ya matuta na wanafunzi wakakaa chini kumzunguka. Hakutoa hotuba. Aliwaambia wanyamaze wasikie udongo ukipasuka saa sita. Aliwafundisha kupitisha kidole chini ya jani, siyo juu, kwa sababu juu jani husema lolote. Aliwaambia waje asubuhi kabla ya umande kukauka, kisha waje adhuhuri, na waseme ni tuta lipi linakunja majani kwanza. Mwanafunzi mmoja wa Pwani, aliyekuwa akimwita "Nyanya" mpaka Cucu akauliza kama anaonekana mwekundu, alianza kuchora majani hayo kila saa. Wengine walileta habari za nyanya zao: mtama wa kule, viazi vikuu vya huku, mbegu zilizohifadhiwa kwenye mchanga au ndani ya mfuko wa ngozi. Nakumbuka Jumatano hizo kama siku moja ndefu. Mvua ilikuja siku kumi na mbili, ikaondoka. Jua jeupe, kisha ukungu wa Julai ukizunguka matuta hata tusione jengo, na sauti ya mwanamke mzee ikitoka humo ndani, "Gusa. Usiangalie. Gusa." Nyakati nyingine najiuliza kama tulijifunza kilimo au tulijifunza kukaa kimya pamoja, na sidhani kuna tofauti niliyoweza kuiandika.

Tuta la kushoto lilianza kugeuka manjano mwezi wa Juni. La kulia lilivumilia, likachoka, likasinyaa kabla ya kuchanua, na hatukuweza kusema lipi lilikuwa la mvua na lipi la ukungu. Yote mawili yalikufa kwa kiu ile ile. La katikati lilitulia chini, fupi, majani yake madogo yamesimama kama masikio, na asubuhi moja lilikuwa na maua ya zambarau. Nilikuwa wa kwanza kuyaona. Sikumwambia mtu. Nilimsubiri Cucu, nikamshika mkono mpaka kwenye tuta, nikamwachia. Alipiga magoti, akapitisha vidole kutoka chini ya shina hadi kwenye ua, na midomo yake ikatembea. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha msichana. "Ni huyu," alisema. "Kijana wa jua. Alikuwa amevaa suti ya Nyambura, akanipotea." Wanafunzi walipiga makofi. Nikawageukia, nikawaambia kwa sauti yangu mwenyewe kwamba siku ile ukumbini, aliyeviosha vibuyu ni mimi. Yule wa Pwani akasogea, akanipa nafasi ya kukaa.

Mwenyekiti alikuja mwezi wa Agosti, na kalamu mfukoni, kutaka kujua mtihani utakuwaje. Cucu alimwomba akae chini. Wanafunzi walifumba macho, kila mmoja akapewa majani matatu makavu, tuliyoyachuma kabla matuta mawili hayajafa, na kutakiwa kusema lipi limetoka tuta gani na amejuaje, na karibu wote walipata. "Na mimi nijaribu," alisema mwenyekiti, naye ni mtu wa haki, nitamsifu kwa hilo. Akafumba macho. Akakosea yote matatu. "Rudi Jumatano," Cucu alimwambia, kisha akatugeukia sisi, "huyu ni mwanafunzi mzuri, hatoroki," na mwenyekiti mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Siku mbili baadaye nilisimama karibu na kabati langu la chupa nikasikia sauti zikijadiliana aandikwe nani kwenye ratiba. Msaidizi? Mgeni mwalikwa? Mtoa habari? Hana cheti, mtu alikumbusha. Kisha sauti ya mwenyekiti: "Andikeni mwalimu. Mimi amenifelisha." Halima alipiga chapa ratiba ile jioni hiyo. Nilimwona akilipiga neno hilo, herufi moja moja, kwa vidole viwili, kama mtu anayepanga vikombe vizuri vya wageni.

Cucu Nyaguthii alirudi nyumbani na kibuyu cha jua, kimejaa tena. Vile viwili, vyenye nusu zisizojulikana, alimwachia Daktari Murage. "Ngoja mwaka wa maji," alimwambia. Hakuuona yeye mwenyewe. Alikufa Desemba, usingizini, na tulipokwenda kuzika, wakaza wanawe walikuwa wamekitundika kibuyu chake mahali pake juu ya moto, bila kuambiwa na mtu. Januari nilihamia maabara ya mji mwingine. Sikuuliza tena habari za vile viwili. Nilikuwa nimefanya hesabu kichwani na kuamua kwamba vimepotea, na kwamba ni mimi niliyevipoteza, na mtu akishaamua hivyo huacha kuuliza.

Baada ya kaburi kufunikwa huko Kerugoya, mjane wa Daktari Murage, Mama Kinyua, alinishika mkono kabla sijafika kwenye foleni ya chakula. Akanipitisha nyuma ya nyumba, mpaka kwenye jiko la kuni ambalo, alisema, mzee alilijenga mwenyewe huku wakiwa na gesi ndani. Halima alitufuata akivuta buti zake. "Aliniambia nikupee hizi," alisema Mama Kinyua. "Alikuwa anapanda kila mwaka, kidogo kidogo, hapo nyuma. Ati ni deni yako na yake. Kuna mwaka maji ilijaa mpaka choo ikabomoka, na yeye akakuja mbio ndani akiwa ameloa, anapiga kelele ati amejua, amejua! Nikadhani ameshinda kura." Juu ya moto, kwenye itara, vililala vibuyu viwili vyeusi. "Na ni ipi ni ipi?" nikauliza. "Hiyo ni yeye alikuwa anajua. Mimi naona ni kitu moja." Akavishusha. Hapo ndipo nilipoona karai sakafuni, maji yakitoa mvuke, sabuni ya kipande, na waya mpya wa sufuria. "Alinikataza kuziosha miaka yote," alisema akikunja mikono ya nguo yake ya maombolezo. "Lakini siwezi kukupea kitu ikiwa hivi, mbele ya watu. Ngoja nikusugulie haraka."

"Mama Kinyua, ziache."

"Itakuchafua, na hiyo nguo ni nzuri."

"Ziache tu, mama."

Nilikaa kwenye kigoda, nikafumba macho. Cha kwanza kilikuwa na masizi mazito, yenye mafuta na vipele. Cha pili kilikuwa na koti jepesi, laini kama unga, na nilipopitisha kidole polepole shingoni nikahisi mahali pembamba zaidi, mahali ambapo kidole gumba cha mtu kilishika kila mwaka. Nikaweka changu hapo. "Hiki ni cha mvua," nikasema. "Kile ni cha ukungu." Mama Kinyua aliacha karai lake. Halima alichutama mbele yangu, akanyoosha kidole, akagusa. Tulirudi Nyeri, nilikorudi kuishi baadaye, nikiwa nimevipakata vyote viwili, na mlangoni pangu Halima alipotazama gauni langu la krimu, lililokuwa jeusi kuanzia kifuani hadi magotini, aliniuliza kama nina sabuni ya kutosha. Nikamwambia anisaidie kwanza kutafuta kuni.